Kumbukumbu za kazi za wabunge wa Tanzania

Kumbukumbu za kazi za wabunge ni taarifa zinazoonyesha mbunge ameuliza nini, amechangia nini, amewasilisha hoja gani na amepiga kura upande gani katika muda wake bungeni. Nchini Tanzania chanzo chake kikuu ni Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ambayo wengi huiita Hansard. Mtu akiisoma kwa utaratibu anaweza kujua mengi kuhusu maneno ya mbunge wake. Kuhusu kura zake atajua machache sana, kwa kuwa maamuzi mengi ya Bunge hupitishwa kwa sauti na majina hayaandikwi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wananchi wanaoishi mbali na Dodoma. Mkazi wa kata ya Nemba, wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera, humwona mbunge wake anaporudi jimboni kuhutubia, na hapo anasikia masimulizi ya mbunge mwenyewe. Taarifa Rasmi humwezesha kulinganisha masimulizi hayo na yaliyosemwa ukumbini.

Taarifa Rasmi

Neno Hansard ni jina la familia ya wachapaji wa London waliochapisha mijadala ya Bunge la Uingereza katika karne ya 19. Utaratibu huo ulifika Tanganyika pamoja na Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926, ukaendelea baada ya uhuru.

Kila kikao kina taarifa yake, yenye namba ya mkutano, namba ya kikao na tarehe. Majadiliano huandikwa karibu neno kwa neno, hata makofi na vicheko huonyeshwa katika mabano. Kipindi cha maswali huja mapema. Swali lililopelekwa kwa maandishi na kupewa namba huitwa swali la msingi. Likishajibiwa, mara nyingi na naibu waziri, mwuliza swali huruhusiwa kuuliza maswali ya nyongeza, na wabunge wengine wanaweza kupewa nafasi hiyo pia. Baadaye hufuata miswada, hoja za Serikali, hoja binafsi na taarifa za kamati.

Msomaji mgeni hukutana na alama zinazoweza kumpoteza. Mojawapo ni kifupisho "K.n.y.", yaani "kwa niaba ya". Maana yake ni kwamba mwenye swali hakuwepo, na mbunge mwingine alisimama badala yake. Swali la msingi ni la asiyekuwepo, lakini yale ya nyongeza yametoka kinywani mwa aliyesimama. Vilevile mchango wa maandishi, ambao mbunge huukabidhi bila kuusoma ukumbini, huingizwa katika Taarifa Rasmi pamoja na ile iliyozungumzwa. Anayehesabu michango bila kutenganisha aina hizi mbili hupata jumla isiyoeleweka.

Wakati wa bajeti upo utaratibu uliozoeleka kwa jina la "kushika shilingi". Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo ya waziri hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa waziri huyo. Hoja yake hujadiliwa, na kwa kawaida akipewa ahadi hurudisha shilingi. Hapa Taarifa Rasmi ina faida kubwa kuliko hotuba ndefu za jumla, kwa sababu huonyesha mbunge alidai nini hasa, waziri aliahidi nini, na shilingi ilirudishwa kwa sharti gani. Mwaka unaofuata ahadi hiyo inaweza kutafutwa na kupimwa.

Kazi za kamati ni jambo jingine. Kamati ya Hesabu za Serikali, kwa mfano, huchambua ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa siku nyingi, lakini kinachofika katika Taarifa Rasmi ni ripoti ya mwisho inayosomwa na mwenyekiti na mjadala wake. Ripoti ya kamati hiyo kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow, iliyowasilishwa Novemba 2014 na mwenyekiti wake Zitto Kabwe, ilizaa maazimio ya Bunge zima. Jinsi kila mjumbe alivyofanya kazi ndani ya chumba cha kamati haiwezi kusomwa humo.

Namna kura zinavyopigwa

Ibara ya 94 ya Katiba ya mwaka 1977 inaweka akidi ya Bunge kuwa nusu ya wabunge wote, na maamuzi ya kawaida hufanywa kwa wingi wa kura za waliohudhuria na kupiga kura. Katika shughuli za kila siku Spika huwahoji wabunge, wanaoafiki husema "ndiyo", wasioafiki husema "siyo", naye hutangaza upande ulioshinda. Taarifa Rasmi huandika kwamba hoja ilitolewa iamuliwe, kisha kwamba iliamuliwa na kuafikiwa. Mistari hiyo miwili ndiyo yote. Mbunge aliyesema "siyo" kwa sauti ya juu na mbunge aliyekuwa amekwenda kunywa chai huonekana sawa, yaani hawaonekani.

Yapo mambo ambayo majina huitwa. Muhimu zaidi ni bajeti ya Serikali: mwisho wa mjadala, kila mwaka mwezi Juni, Katibu wa Bunge na wasaidizi wake huita wabunge mmoja mmoja, na kila mmoja hutamka msimamo wake. Uzito wa kura hiyo unatokana na Ibara ya 90, inayomwezesha Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Mabadiliko ya Katiba nayo, kwa mujibu wa Ibara ya 98, yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kufanywa kwa kusikiliza kelele.

Hata majina yanapopatikana, msomaji anapaswa kukumbuka nafasi ya chama. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini hupoteza kiti chake. Wabunge wa chama hukutana na kupatana msimamo kabla ya jambo kubwa kufika ukumbini, na anayeukiuka hadharani anajua gharama yake. Mfano wa zamani ni wa mwaka 1968, wakati TANU ilipowafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella-Bantu, nao wakapoteza ubunge.

Mwaka 2012 kulitokea aina nyingine ya kumbukumbu yenye majina. Ibara ya 53A inaruhusu hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu ikiwa imetiwa saini na angalau asilimia 20 ya wabunge wote. Mwezi Aprili Zitto Kabwe alikusanya saini dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na miongoni mwa waliotia saini alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kutoka chama tawala. Hoja haikufika kwenye kura. Mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete alibadilisha Baraza la Mawaziri. Karatasi ya saini ilikuwa imeonyesha misimamo ambayo kura ya sauti isingeionyesha.

Mabishano ya mwaka 2014

Swali la kura ya wazi au ya siri halijawahi kubishaniwa Tanzania kwa ukali kama katika Bunge Maalumu la Katiba, lililokutana Dodoma mwaka 2014 chini ya uenyekiti wa Samuel Sitta. Bunge hilo halikuwa Bunge la kawaida: wabunge wote walikuwemo, pamoja na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar na wajumbe wengine walioteuliwa na Rais. Waliotaka kura ya siri walisema mjumbe atakuwa huru dhidi ya shinikizo la chama. Waliotaka kura ya wazi walisema mwakilishi hana haki ya kuwaficha waliomtuma. Hoja zote mbili zina nguvu. Baada ya mvutano mrefu ilikubaliwa kila mjumbe achague mwenyewe, wazi au siri.

Kura zilianza kupigwa mwishoni mwa Septemba 2014, baada ya wajumbe wa UKAWA kuwa wametoka tangu Aprili. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alichagua kura ya wazi na kuzikataa baadhi ya ibara, akazomewa ukumbini. Siku chache baadaye aliondolewa katika wadhifa wake. Mwaka 2021 aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Katiba Inayopendekezwa ilitangazwa kupita tarehe 2 Oktoba 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa.

Hesabu za maswali na michango

Kwa kuwa kura hazina majina, wafuatiliaji wengi wamehamia kwenye hesabu. Tovuti ya Bunge iliwahi kuonyesha katika ukurasa wa kila mbunge idadi ya maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na michango. Mwaka 2010 Uwazi, kitengo cha asasi ya Twaweza, kilitumia takwimu hizo kulinganisha wabunge, na magazeti yakatoa orodha za waliozungumza sana na walionyamaza.

Orodha hizo zinapendwa, lakini zinahitaji tahadhari. Majimbo ya magharibi mwa Ziwa Viktoria yanatoa mfano mzuri. Kabla ya mwaka 2010 jimbo la Chato liliitwa Biharamulo Mashariki, na mbunge wake tangu 1995 alikuwa John Magufuli. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Ujenzi, na mwaka 2000 akawa waziri kamili. Waziri haulizi maswali, huyajibu. Anayetafuta maswali ya Magufuli kwa wananchi wa jimbo lake atakuta ukurasa karibu mtupu, ilhali majibu yake kuhusu barabara za nchi nzima yamejaa katika Taarifa Rasmi.

Upande wa pili, Biharamulo Magharibi, jimbo lenye kata ya Nemba, kiti kilibadilika mara nyingi. Mwaka 2005 alishinda Phares Kabuye wa TLP. Uchaguzi mdogo wa 2009 ulimpa kiti Oscar Mukasa wa CCM. Mwaka 2010 alishinda Anthony Mbassa wa CHADEMA, mwaka 2015 akarudi Mukasa, na mwaka 2020 akaingia Ezra Chiwelesa wa CCM. Mukasa basi ana vipindi viwili vilivyotenganishwa na miaka mitano, kimoja kifupi sana. Kumlinganisha na Mbassa kwa jumla tupu ya maswali ni sawa na kulinganisha mavuno ya mashamba mawili bila kuuliza ekari zake. Jirani yao Ngara ilikuwa na Deogratias Ntukamazina (2010), Alex Gashaza (2015) na Ndaisaba Ruhoro (2020), wote wa CCM.

Njia yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi au mwananchi ni kutafuta kwa jina la mahali na la jambo, kisha kufuata majibu mwaka hadi mwaka. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, inayopitisha malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, inaanzia Biharamulo na kuishia Ngara, hivyo ni haki ya wabunge wote wawili kuiulizia. Msomaji huandika tarehe ya swali, maneno ya jibu, kiasi kilichotajwa na muda ulioahidiwa. Swali lililoulizwa mara tatu na kupewa jibu lilelile linaeleza mengi kuhusu Serikali, na linaweza kumwonea mbunge likihesabiwa kama uzembe wake.

Ukimya pia una sababu. Katikati ya mwaka 2016 wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila Naibu Spika Tulia Ackson alipoongoza kikao, kwa malalamiko yao dhidi ya uendeshaji wake. Katika siku hizo michango yao ilipungua kwa uamuzi wa kisiasa.

Matangazo ya moja kwa moja

Kwa miaka kadhaa wananchi walifuatilia Bunge kupitia televisheni ya taifa. Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alitangaza kuwa TBC itaacha kurusha vikao vyote moja kwa moja na badala yake itaonyesha vipande vilivyorekodiwa usiku, kwa sababu ya gharama. Tangazo hilo lilizua vurugu ukumbini na polisi wakaingia. Baadaye Bunge lilianza kurusha vikao kupitia intaneti, na picha hizo hubaki kama kumbukumbu kwa mwenye uwezo wa kununua bando.

Nchi jirani

Nchini Kenya, Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha tovuti ya Mzalendo miaka ya 2005 na 2006 ili kukusanya kazi za kila mbunge mahali pamoja. Uganda ilikuwa na kadi ya alama za wabunge iliyotayarishwa na Africa Leadership Institute katika Bunge la 2006 hadi 2011. Watafiti Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein walichunguza matokeo yake, na hawakupata ushahidi kwamba kadi hizo zilibadilisha kwa kiasi kikubwa nafasi za wabunge kuchaguliwa tena.

Nguvu ya orodha ya majina ilionekana Nairobi tarehe 25 Juni 2024. Wabunge 195 waliunga mkono Muswada wa Fedha katika hatua ya mwisho na 106 wakaupinga. Vijana waliokuwa wakiandamana walikuwa wakisambaziana majina ya waliosema ndiyo, na siku hiyohiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge. Watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia saini muswada huo.