Ojukwu na Ile Ndege

Juni 1, 1969, kijijini Ahiara, Odumegwu Ojukwu, kiongozi wa Biafra iliyojitenga na Nigeria Mei 1967, alisoma azimio refu: kiongozi ni mtumishi wa watu, si bwana wao. Anayelijua Azimio la Arusha ataitambua sauti hiyo. Na Tanzania ndiyo iliyotangulia kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968.

Maneno mazuri, lakini watoto walikuwa wakifa kwa njaa. Januari 1970 Ojukwu akapanda ndege, eti anakwenda kutafuta amani. Meja Jenerali Philip Effiong, aliyeachiwa mzigo, ndiye aliyesalimu amri.

Nigeria ilimsamehe 1982, ikamzika kwa heshima za kijeshi 2012. Waigbo wengi humwita shujaa. Wapo wasiomsamehe ile ndege, nami nawaelewa.