Ubao wa Ala Uliogeuka Kioo: Tarehe ya Ndege Ziundwazo Nyumbani

Kwa zaidi ya nusu karne ubao wa ala wa ndege ndogo ulitawaliwa na tundu moja la mviringo, lenye kipenyo cha inchi 3 na moja ya nane, yaani milimita 79 na ushei. Yeyote aliyeazimia kuiunda ndege yake mwenyewe katika banda la nyumbani alijua kwamba, baada ya mbawa kukamilika na mkia kufungwa, itamjia siku ya kukaa mbele ya bamba tupu la alumini, penseli na keekee mkononi, akayachora matundu sita ya kadiri hiyo hiyo: la ala ya mwendo, la upeo wa macho, la kimo, la mgeuko, la dira, na la kupanda na kushuka. Leo mjenzi huyo hukata madirisha mawili ya mstatili, akatia ndani yake vioo vya kompyuta vionyeshavyo hayo yote sita, na fauka ya hayo ramani, joto la injini na hata milima iliyofichwa na mawingu. Mageuzi hayo yalipita upesi, mengi yake katika muda wa miaka kumi hivi, na yanastahili kusimuliwa kwa wasaa, maana waliotangulia kuyapokea katika ndege ndogo walikuwa aghalabu ni watu waliojiundia vyombo vyao kwa mikono yao.

Asili ya ala zile imo katika siku ya 24 Septemba 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field, New York, ambapo Jimmy Doolittle, rubani wa jeshi la Marekani, alifunikwa turubai katika kiti cha nyuma asiweze kuona nje, akaruka, akazunguka na kutua katika muda wa robo saa hivi, akitegemea ala peke yake. Mwenziwe, Ben Kelsey, alikaa kiti cha mbele, tayari kuushika usukani lau lingetokea la kutokea, wala halikutokea. Kipima kimo kilikuwa cha Kollsman, na upeo wa bandia pamoja na dira ya jairo vilikuwa vya Sperry. Ndani ya ala za Sperry mlikuwa na gurudumu dogo lililozunguka kwa kasi kama pia, na kitu kizungukacho namna hiyo hushikilia mwelekeo wake hata chombo kikibebacho kikiinama, basi rubani akapata mahali pa kuweka jicho lake. Jambo hili halikuwa anasa, kwa kuwa sikio la ndani la binadamu, limpalo mizani yake ardhini, humhadaa akiwa mawinguni. Katika majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954, wanafunzi 20 wasiozoea kuruka kwa ala waliingizwa katika hali ya kutoona nje, na kwa wastani ndege iliwatoka mikononi baada ya sekunde 178.

Gurudumu lile lilizungushwa kwa hewa iliyofyonzwa, kwanza kwa faneli iliyofungwa nje ya ndege, kisha kwa pampu iliyoendeshwa na injini. Pampu kavu zilizoenea baadaye zilikuwa na mapezi ya kaboni, yaliyolika kimya kimya na kuvunjika ghafla. Na balaa yake kubwa ni kwamba pampu ikifa, gurudumu halisimami papo hapo, bali hupungua kasi polepole, upeo wa bandia ukaanza kulala upande, na rubani aliyemo mawinguni, kwa kuuamini, akailaza ndege pamoja nao. Watu wamekufa kwa njia hiyo, miongoni mwao marubani wenye ujuzi. Asomaye tarehe ya vioo pasi na kuikumbuka pampu hii ataviona vioo kuwa ni mapambo.

Hapana budi sasa twende Oregon, jimbo la Marekani lililo upande wa Bahari ya Pasifiki, ambako desturi ya kujiundia ndege ilinusurika katika miaka ambayo kwingineko sheria iliibana mno. Mwaka 1947 George Bogardus alitoka huko na ndege ndogo ya kiti kimoja iitwayo Little Gee Bee, akalivuka bara zima hadi Washington, kuwasihi wakuu wa usafiri wa anga wautambue ufundi huo kisheria, na ombi lake halikwenda bure. Ndege ile leo imo katika makumbusho ya Smithsonian. Mwaka 1953 Paul Poberezny alianzisha kule Wisconsin chama cha Experimental Aircraft Association, ambacho tangu 1970 kimekuwa kikiwakutanisha wajenzi katika mji wa Oshkosh. Na katika Oregon ile ile Richard VanGrunsven alianza katika miaka ya 1970 kuuza michoro na vifaa vya ndege zake za RV, ambazo zilizokwisha kuruka sasa zimepita 10,000.

Sheria iliyotokana na juhudi hizo ina sharti moja kubwa, kwamba sehemu iliyo kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Mwenye kulitimiza hupewa cheti cha ndege ya majaribio, na ndani ya cheti hicho mna uhuru ambao mwenye ndege ya kiwandani hakuwa nao: aweza kufunga katika ubao wake ala isiyo na ithibati ya serikali, isipokuwa chache kama transponda, ambazo hazina budi kukubaliana na mitambo ya waongozaji ndege. Uhuru huo, kwa maoni yangu, ndio ufunguo wa habari yote inayofuata.

Vioo vyenyewe vilianza katika ndege kubwa. Boeing 767, iliyoingia kazini mwaka 1982, ilikuja na skrini zilizochora upeo wa macho kwa umeme, na Airbus A320, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1987, ilizidisha. Lakini skrini zile zilikuwa za mirija mizito yenye kutoa joto, na vihisi vilivyozilisha habari viligharimu fedha nyingi kuliko ndege nzima ya mjenzi wa nyumbani. Kwa miaka ishirini hivi, aliyetamani ubao wa namna hiyo katika banda lake alitamani tu.

Kilichofungua mlango hakikutoka katika usafiri wa anga. Watengenezaji wa magari walihitaji kihisi cha kuamsha mifuko ya hewa wakati wa ajali, kisha kihisi cha kutambua gari linaloteleza, na kwa kuwa magari huundwa kwa mamilioni, vihisi hivyo vikatengenezwa ndani ya vipande vya silikoni vidogo kuliko ukucha, kwa bei ya chini isiyowahi kusikika. Mwezi wa Mei 2000 serikali ya Marekani ikaondoa kasoro iliyokuwa ikiitia makusudi katika ishara za GPS kwa watu wa kawaida, usahihi wake ukaongezeka maradufu na zaidi. Skrini bapa nazo zilikuwa zimekwisha kuwa nyepesi, na kung'aa kiasi cha kusomeka juani. Mambo matatu yasiyojuana yakakutana mahali pamoja, na aliyekuwa na ruhusa ya kuyatumia bila kungoja miaka ya vyeti ni mjenzi wa nyumbani.

Kampuni ya Blue Mountain ya Tennessee ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia, ikawachorea wajenzi milima na mabonde katika skrini miaka kadhaa kabla kampuni ya Garmin haijaidhinishiwa jambo hilo mwaka 2008. Lakini baadaye ikafunga milango, na walionunua wakabaki na vioo visivyo na mwenyewe wa kuvitengeneza. Grand Rapids Technologies ya Michigan ilidumu. Na mwaka 2003 Dynon, kampuni changa ya jimbo la Washington, ikatoa D10, skrini ndogo ya inchi 4 iliyouzwa kwa karibu dola 2,000, ambayo mgongo wake ulichongwa uingie barabara katika tundu la inchi 3 na moja ya nane. Mtu aliweza kuung'oa upeo wa bandia wa pampu jioni, akafunga D10 mahali pale pale, bila kukata bamba upya. Naiona kuwa ni busara kubwa, maana hawakumtaka mtu auvunje ubao wake ndipo aonje kitu kipya.

Ila tukitazama kwa karibu, kihisi cha silikoni si gurudumu la Sperry. Hakishikilii mwelekeo wowote. Hupima kasi ya mgeuko tu, na kompyuta hujumlisha vipimo hivyo mara nyingi katika kila sekunde ili kukisia ndege imelala kiasi gani. Kila kipimo kina kosa dogo, na makosa hujilimbikiza, kwa hiyo kompyuta huuliza kihisi cha mvuto chini ni wapi. Lakini ndege inapogeuka, mvuto wa mgeuko huchanganyika na mvuto wa ardhi, kihisi kikadanganyika, na hapo kompyuta huhitaji kujua mwendo wa ndege ili itenganishe hiki na kile. Katika baadhi ya ala za mwanzo mwendo huo ulitoka katika mrija wa pito, ule unaopokea upepo wa mbele. Nao ukizibwa na barafu au mdudu, upeo wa macho, ambao hapo zamani haukuwa na uhusiano wowote na mrija huo, uliweza kuharibika pamoja na ala ya mwendo. Baadaye ala hizo zikafundishwa kuegemea GPS mrija unapozibwa.

Mwaka 2009 Dynon ilionyesha SkyView, na Garmin ikaleta G3X, vioo vya inchi 7 na 10, na hapo ubao wa zamani haukufaa tena. Bamba la alumini lenye unene wa milimita 1.6 hivi likapigiwa mistari, pembe zikatobolewa kwanza ili bamba lisipasuke, kingo zikakatwa kwa msumeno mwembamba na kumalizwa kwa tupa; na waliochoka na tupa wakapeleka michoro yao kwenye mashine za kukata kwa maji. Kazi ngumu iko nyuma. Katika RV nyingi, nyuma ya ubao wa mbele kuna bamba jingine na mbavu zinazoshikilia umbo la ndege, na kioo kirefu cha kina hugonga humo. Hivyo mjenzi hana budi kuzikata mbavu na kuziongezea nguvu pembeni, nguvu isipotee. Palipo na kifuniko kinachofunguka kwa mbele, mvua humwagikia vifaa vya umeme, ikabidi kuvitengenezea kinga. Dira ya sumaku ya elektroniki nayo hufungwa mbali, aghalabu mkiani au ncha ya bawa, kwa skrubu za shaba, kwa sababu chuma kilicho karibu nayo, au waya wa taa upitishao mkondo mkubwa, huipotosha.

Kisha likaja suala la umeme. Ubao wa zamani, pamoja na pampu yake ya hatari, ulikuwa na fadhila moja: umeme ukikatika, upeo wa macho uliendelea. Wajenzi wakaanza kugawa nyaya zao katika mikondo miwili, kila kioo kikapewa betri yake ya akiba. Na mahali pale kwenye injini palipokuwa na pampu ya kufyonza hewa, sasa patupu, wengi wakafunga alteneta ndogo ya akiba yenye ampea 8. Jambo hilo hunipendeza sana, kwamba kiti cha adui wa zamani kimekaliwa na mlinzi. Wako wanaobakiza ala ya mwendo na kipima kimo vya mishale, na siwalaumu. Ila nahisi aliyeweka vioo viwili vya watengenezaji mbalimbali, kila kimoja na umeme wake, amejihadhari zaidi.

Hata hivyo kioo si hirizi. Mwaka 2010 bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilichunguza ndege ndogo za kiwandani zaidi ya 8,000 zilizoundwa kati ya 2002 na 2006, ikakuta kwamba zenye vioo zilikuwa na ajali chache kwa jumla, lakini kiwango cha ajali za kuua kilizidi kile cha zenye mishale. Bodi ilisisitiza mafunzo, kwa kuwa kioo cha kampuni hii huendeshwa tofauti na cha kampuni ile. Miaka miwili baadaye, ilipozitazama ndege za nyumbani, iliona katika vioo hivyo faida nyingine: kwamba huhifadhi kumbukumbu za mwendo, kimo na injini, na kwamba mjenzi anayeijaribu ndege yake mara za kwanza, wakati wenye hatari kubwa mno, aweza kuzitumia kujua ilivyo hasa.

Mwezi wa Aprili 2016 idara ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa juhudi za chama cha Oshkosh, iliruhusu D10A, dada mdogo wa D10, ifungwe katika ndege za kiwandani kama Cessna 172. Mwaka huo huo Garmin ikapata idhini ya G5 yake, mwaka 2018 SkyView ikafuata, na mwaka 2019 G3X Touch. Basi ala zilizopimwa kwanza na seremala, mwalimu au daktari mstaafu bandani mwake, kwa gharama na hatari yake mwenyewe, zikaingia katika ndege za vyuo vya urubani. Kijisanduku cha G5 bado huuzwa kwa bei mbili, ya ndege ya nyumbani na ya ndege ya kiwandani, na mwenye ya kiwandani hulipa zaidi, kisha akamtafuta fundi mwenye leseni wa kutia sahihi.