Vifungo vya Muscatine

Sisi mafundi cherehani hukitambua kifungo cha gamba kwa kukigusisha shavuni: kina ubaridi ambao plastiki haina. Mashati ya zamani ninayoletewa hapa Iowa bado yanavyo, na vingi, nadhani, vilitoka Muscatine, mji wa kando ya mto Mississippi. Mjerumani John Boepple alifungua karakana yake ya vifungo huko mwaka 1891. Kufikia 1905 mji ulikuwa ukitoa vifungo takribani bilioni 1.5 kwa mwaka.

Vifungo hivyo vilichongwa kwenye magamba ya kome wa mtoni, na uvuvi wao ulikuwa wa hila. Kome hukaa topeni, gamba limeachama kidogo, akichuja maji. Wavuvi waliburuta chuma chenye ndoano. Ikimgusa tu, kome anaibana na kupandishwa nayo. Silika hiyohiyo humponza maji yakichafuka. Hujifungia ndani kwa muda mrefu bila hewa. Akifunguka, oksijeni inayorudi kwa ghafla huzalisha molekuli kali zinazounguza mafuta na protini za seli zake. Anavyo vimeng'enya vya kuzizima, ila joto na metali nzito huvilemea.

Kome walipozidi kupungua, mwaka 1908 Bunge la Marekani liliidhinisha kituo cha kuwazalisha, kikajengwa Fairport, karibu na Muscatine. Kwa maoni yangu hakikutosha. Kome wachanga hukulia kwenye matamvua ya samaki, na mabwawa ya miaka ya 1930 yaliwazibia samaki njia, huku miji ikimwaga maji taka mtoni.

Boepple hakuyaona mabwawa hayo. Alifariki 1912, baada ya kujikata mguuni kwa gamba la kome na kidonda kuingia sumu.