Tanga 1914: Meli Nyingi, Habari Kidogo

Leo tuweke kompyuta pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, uvamizi mkubwa kutoka baharini uliofanyika hapa hapa kwetu. Naandika nikiwa Matinyani, mbali kabisa na bahari, lakini mtaona deni la Tanga lilivyofika mpaka huku Ukambani.

Waingereza walileta kutoka Bombay kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi wa India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Upande wa Wajerumani walikuwepo kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa hesabu ya karatasi, kazi ilikuwa rahisi.

Sasa, anayevamia kutoka baharini ana silaha moja kubwa: adui hajui atashukia wapi. Silaha hiyo ilipotea siku ya kwanza. Tarehe 2 Novemba manowari Fox iliingia Tanga, nahodha akamwambia mkuu wa wilaya Mjerumani kwamba makubaliano ya kutoupiga mji yamevunjwa, ajisalimishe. Yule bwana akaomba muda wa kushauriana na wakubwa wake. Akapewa! Fox ikaondoka zake, na habari zikamfikia Lettow. Halafu Waingereza wakapoteza saa nyingi wakitafuta mabomu ya baharini ambayo hata hayakuwepo.

Muda wote huo Lettow alikuwa akiteremsha watu kwa reli kutoka Moshi, zaidi ya kilomita 300. Usiku wa kuamkia tarehe 4 alipanda baiskeli, akapita mjini kimya hadi bandarini, akajionea mwenyewe. Aitken, aliyekuwa amekataa msaada wa King's African Rifles, alisonga mbele kutoka Ras Kasone bila upelelezi wa maana.

Katikati ya mapigano nyuki wakachachamaa, wakauma pande zote mbili. Huko Uingereza wengine wakadai ni mtego wa Wajerumani. Mtu wa Kitui atacheka: ukifyatua risasi kwenye miti yenye mizinga ya asali, unatarajia nini?

Tarehe 5 wavamizi walirudi melini. Waliokufa na kujeruhiwa walizidi 800. Ufukweni waliacha mamia ya bunduki, rashasha 16, risasi 600,000 na hata vifaa vya simu. Lettow akavitumia.

Kwa maoni yangu, uzito wa Tanga uko hapo. Vita ambavyo vingeweza kumalizwa mapema viliendelea mpaka Lettow alipojisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo mizigo ikabebwa na watu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilikusanya wanaume kwa nguvu, Ukambani ikiwemo. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wengi hukadiria wapagazi karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Sanamu tatu za shaba zimesimama Kenyatta Avenue, Nairobi, tangu 1928. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wengi wa Afrika Mashariki hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Hata leo huwezi kuwatafuta wote kwenye hifadhidata, kwa sababu majina mengi hayakuandikwa popote.