Kumuheshimia mwami, kuuliza haki



Kwenye mikutano yetu swali hili halikosi: kama shefu amekata maneno ya udongo, tunaweza kumuuliza juu ya nini bila kumuvunjia heshima? Tuangalie historia ya hapa kwetu Katanga.

Godefroid Munongo alikuwa wa ukoo wa M'siri wa Bunkeya. Wakati Katanga ilijitenga mwaka 1960, yeye njo alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa Elisabethville, wakauawa usiku ule ule. Mwaka ule pia Baluba maelfu na maelfu walikimbilia kambi ya wakimbizi hapa mjini, juu ya kuogopea maisha yao.

Mwaka 1976 Munongo akawa mwami wa Bayeke, Mwenda VI. Basi mtu mmoja akabeba vitu viwili: kiti cha mababu, na maswali ya 1961. Waziri unamuuliza wazi. Mwami ni vigumu. Watu walingoja aseme kwenye ule Mkutano Mkuu wa Taifa, Kinshasa. Akafariki kule tarehe 28 Mei 1992, mbele ya kueleza. Kiti kilipata mrithi. Maswali yalibaki bila mwenye kuyajibu.

Mwaka ule ule wa 1992, na 1993, wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, hata wale waliozaliwa hapa. Wanasiasa walisema udongo ni wa wenyeji. Lakini M'siri mwenyewe alitoka Unyamwezi, akaja kama mufanyabiashara. Kumbe jina la mababu linaweza kutumiwa kwa kufunika mambo ya siasa.

Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya mashefu kufuatana na mila, kama hayapingani na Katiba wala sheria. Inawapa pia kazi ya kulinda umoja wa inchi. Yote mbili ni zetu.

Kwa hiyo, ndugu anayerudi kijijini aende kwa shefu kama mila inavyotaka: apitie kwa wazee, asalimie vizuri, angoje zamu yake. Kisha aulize sababu, mbele ya mashahidi, na aombe karatasi. Shefu mwenye kukata maneno kwa haki hapotezi kitu kwa kulizwa. Sisi wa chama tutamusindikiza.