Mahakama ya Katiba: mlango uliokawia karibu miaka 51

Katika nchi yetu ya Kongo, haki za raia ziliandikwa mapema kuliko kufunguliwa mahakama ya kuzilinda. Katiba ya Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, ilitangazwa tarehe 1 Agosti 1964 ikitaja Mahakama ya Katiba. Katiba ya tarehe 24 Juni 1967, wakati wa Mobutu, iliitaja tena. Hakuna jaji aliyewahi kuketi humo.

Mwaka 1974 hali ilizidi kuwa mbaya. Chama cha MPR kilifanywa kuwa taasisi pekee ya nchi, na mahakama zikawa kiungo chake. Kazi ya kulinda katiba ikaachiwa Mahakama Kuu. Raia aliyeonewa na wakubwa wa chama angelia kwa nani? Ilikuwa kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilileta matumaini. Kifungu cha 151 kinakataza serikali kumpa jaji amri katika kazi yake. Kifungu cha 162 kinampa kila mtu ruhusa ya kuishitaki sheria au amri ya serikali inayovunja katiba. Tena, mtu akiwa na kesi mbele ya mahakama yoyote, anaweza kusema: sheria hii mnayotaka kunihukumu nayo inapingana na katiba. Hapo kesi inasimama hadi Mahakama ya Katiba itoe jibu.

Hata hivyo, majaji wake tisa waliapa Aprili 2015 tu, karibu miaka 51 baada ya Luluabourg.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka uliofuata. Muhula wa pili na wa mwisho wa Rais Joseph Kabila ulikuwa unaelekea mwisho, na uchaguzi haukuwa tayari. Wabunge wa upande wake waliomba maelezo ya kifungu cha 70. Tarehe 11 Mei 2016, mahakama ilijibu kwamba rais anabaki kazini hadi mpya aliyechaguliwa ashike nafasi yake. Watu waliingia barabarani mwezi wa Septemba na Desemba, na wengine wakapoteza maisha. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018.

Mtihani mwingine ulitugusa sisi wa mashariki. Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi iliwekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, na kesi za jinai za raia zikaenda kwa majaji wa kijeshi. Mahakama ya Katiba iliikubali amri hiyo.

Lakini kuna mipaka ambayo hata wakati wa vita haivukwi. Kifungu cha 61 kinalinda uhai, haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa, na kinakataza mateso. Kifungu cha 156 kinarudia wazi: kesi zikipelekwa kwa wanajeshi, rufaa haiwezi kusimamishwa.

Jaji haji nyumbani kumtafuta aliyeonewa. Kwa hiyo, mwenye ndugu aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi amuulize wakili wake jambo moja kabla muda haujapita: rufaa imeandikishwa?