Macho ya watu wa Ssese

Ukimsikia mtafiti analalamika kwamba kibali cha kamati ya maadili kinachelewa, usikimbilie kumwonea huruma. Kibali kile kina historia, na sehemu yake iko hapa hapa Ziwa Victoria.

Tuanze Ujerumani. Daktari Albert Neisser aliwadunga makahaba, wengine wasichana wadogo, majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaambia. Baadhi yao wakaja kuugua. Alitozwa faini, na Desemba 1900 serikali ya Prussia ikaagiza hospitali zake: hakuna kumfanyia mtu majaribio kabla hajaelezwa madhara na kukubali mwenyewe. Ila agizo lilikuwa na mlango wa nyuma. Halikugusa kile ambacho daktari angekiita matibabu.

Mwaka 1906 akaja Robert Koch, Mjerumani huyo huyo, akiwa na Nobel aliyopewa mwaka mmoja nyuma. Malale ilikuwa inafyeka watu kando ya ziwa. Akapiga kambi visiwa vya Ssese, Uganda, upande wa Waingereza, akiwa na dawa yenye aseniki iitwayo atoksili. Wagonjwa walikuja wenyewe kwa mamia. Nani asingekuja, ndugu yangu, wakati kijiji kizima kinazikwa?

Dozi ndogo ilituliza ugonjwa kwa muda tu, vijidudu vikarudi. Koch akapandisha dozi hadi gramu moja. Maumivu yakazidi, wengine wakatoroka. Watu 22 wakapofuka, moja kwa moja. Hata hivyo Koch aliendelea kuipendekeza atoksili, na kambi za malale zikafunguliwa upande wa Wajerumani, dawa ikiwa ile ile.

Je, Koch alikuwa katili? Sidhani hilo ndilo swali. Alitaka tiba kweli. Tatizo ni kwamba aliyepandisha dozi ndiye aliyeamua kama inafaa kupandishwa. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kumuuliza: hawa wameelezwa nini?

Huyo mtu wa tatu alichelewa sana. Ni mwaka 1975, Azimio la Helsinki liliporekebishwa kule Tokyo, ndipo ikaandikwa kwamba mpango wa utafiti upelekwe kwanza kwa kamati huru.

Miaka karibu 70 baada ya Ssese! Kwa hiyo siku ukiwekewa fomu mbele yako, isome mpaka mwisho. Na kama hujaelewa, uliza. Mnasemaje wadau?